DPX, balsamu au jeli ya gliserini: slaidi yako uifunike kwa gundi gani?

Kijana wa atachimenti aliyekuja benchini kwetu Kisumu mwanzoni mwa mvua za masika aliniuliza swali ambalo nami niliwahi kumuuliza mwalimu wangu wa benchi kule Nakuru: "Mwalimu, kati ya hizi gundi za kufunikia slaidi, nzuri ni ipi?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi: "Kwanza niambie rangi yako inaogopa nini." Akanitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili na hana mji wa kutoa.

Slaidi nyingi zilizoniharibikia miaka yote hii ziliharibiwa na gundi nzuri kabisa, iliyowekwa juu ya rangi isiyopatana nayo. Kwa hiyo ninapolinganisha hapa DPX, balsamu ya Kanada na jeli ya gliserini, gundi tatu za kubandikia kavasilipu (kile kioo chembamba) juu ya tishu iliyo kwenye slaidi ya hadubini, usitarajie nimtawaze mshindi mmoja. Ninaitumia DPX karibu kila siku, na bado kuna siku nikimwona mtu ameshika chupa yake namzuia mkono.

Turudi kidogo nyuma, kwenye sababu ya kupaka gundi. Mwuza mandazi akikufungia kwenye gazeti, pale mafuta yalipolowea unaweza kuona maandishi ya upande wa pili. Karatasi haijawa nyembamba zaidi. Hewa iliyokuwa katikati ya nyuzi zake imetoka na mafuta yameingia, nayo mafuta hupinda mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe. Tishu ni vivyo hivyo. Kipande cha mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kilichopakwa rangi kikitazamwa kikavu huonekana kama vumbi, kwa sababu hewa ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.00 na kioo karibu 1.52, na tishu iliyokwisha kuhifadhiwa kwa formalini iko juu kidogo ya kioo. Gundi yenye 1.52 hufanya kazi ya mafuta ya mandazi: mwanga unapita bila kutawanyika, na kinachobaki machoni ni rangi tu. Gliserini iko kwenye 1.47, maji 1.33. Kadiri gundi inavyoachana na kipimo cha kioo ndivyo picha inavyopoteza ukali wake.

Hapo DPX na balsamu ziko bega kwa bega, na jeli iko nyuma. Ungekuwa mwisho wa habari kama rangi zote zingekubali kufika kwenye DPX zikiwa hai.

DPX, farasi wa kila siku

Jina lake ni herufi za vilivyomo: D ni distairini, yaani plastiki yenyewe, P ni kilainishi kinachozuia plastiki isikauke na kupasukapasuka kama matope ya kiangazi, X ni zailini inayoviyeyusha vyote viwili. Kirkpatrick na Lendrum waliitangaza mwaka 1939, na walichokuwa wakikitafuta ni gundi isiyoua rangi. Walikipata. Haina asidi, haigeuki njano, na slaidi iliyopakwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini ikafunikwa kwa DPX, ukiitoa kabatini baada ya miaka mingi viini bado vya buluu, saitoplazimu bado ya waridi.

Kwa maabara za upande wetu hilo si jambo dogo. Magharibi mwa Kenya imo katika ukanda wa uvimbe ule ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliuandikia akiwa Uganda mwaka 1958, uvimbe wa taya za watoto. Chini ya hadubini mwanapatholojia hutafuta sura ya anga lenye nyota: seli nyeusi zilizosongamana, na katikati yake seli kubwa nyeupe zinazokula mabaki. Slaidi ya namna hiyo haitazamwi mara moja ikatupwa. Itaombwa tena mtoto akirudi, itatumwa kwa daktari mwingine apate kutoa rai yake, itafundishiwa. Ikififia, ushahidi umefifia. Hapo sina mjadala, ni DPX.

Lakini DPX ina masharti, na masharti yake ni makali kuliko watu wanavyodhani. Haivumilii tone la maji. Tishu lazima ipandishwe ngazi ya alkoholi, kutoka hafifu hadi kali, ipite alkoholi kamili (isiyo na maji) mara mbili, kisha zailini mara mbili au tatu, ndipo gundi. Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea, trei nzima ya slaidi ilitoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nililaumu gundi, nikafungua chupa mpya, ukungu ukawa uleule. Kosa lilikuwa la chupa ya alkoholi kamili iliyokaa wazi tangu asubuhi. Alkoholi hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kuigawia. Tangu siku hiyo chini ya mtungi wangu wa mwisho wa alkoholi kuna tabaka la salfeti ya shaba isiyo na maji, limefunikwa kwa karatasi ya chujio. Ikiwa nyeupe, niko salama. Ikianza kuwa buluu, ninamwaga. Slaidi zilizopata ukungu huokolewa kwa kurudi nyuma: loweka kwenye zailini hadi kavasilipu itoke, rudi kwenye alkoholi kamili mpya, kisha zailini mpya, funika tena.

Adui wa pili ni joto. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai DPX yangu kule ilikuwa nzito kama asali ya baridi na viputo vya hewa vilikwama ndani yake. Dawa ilikuwa matone mawili ya zailini na subira. Kisumu iko chini zaidi, kama mita 1,130, na saa nane mchana shida ni kinyume chake: zailini inakauka juu ya kipande hata kabla mkono haujafika kwenye kavasilipu. Hewa hujipenyeza ndani ya tishu, na ukitazama unaona viini vimegeuka vidoa vya kahawia nyeusi vinavyong'aa, kana kwamba masizi yamedondokea humo. Wanafunzi hudhani ni chembe za rangi zinazoachwa na malaria, au melanini, rangi asilia ya ngozi. Ni hewa tu. Toa slaidi moja moja kutoka kwenye zailini, funika ikiwa bado imelowa, na usijipange na slaidi kumi mezani kama mtu anayeanika dagaa.

Na tusisahau moto. Mvuke wa zailini unaweza kushika kuanzia nyuzi 25 hadi 32 hivi, kutegemea mchanganyiko wake. Chumba cha Nakuru mara nyingi kiko chini ya hapo; cha Kisumu mchana kimeshafika. Kama huna kabati la kuvuta mvuke, fanya kazi asubuhi, madirisha wazi, na kichoma gesi kiwe chumba kingine.

Jambo moja zaidi: DPX hukauka kwa kupoteza zailini, kwa hiyo hunywea. Ukiweka kidogo, wiki ijayo utakuta hewa imeingia pembeni na kukaribia tishu. Ukiweka nyingi, kavasilipu inaelea juu ya kidimbwi. Mimi huweka kiasi kinachofika kingo zote na kuzidi kwa unywele, kisha hukata ziada kwa wembe ikishakauka. Usiku mmoja kwenye inkubeta ya nyuzi 37, slaidi zikiwa zimelala, hutosha kuifanya ishikike. Kukauka hadi ndani huchukua siku kadhaa, na kabla ya hapo usiweke mafuta ya lenzi ya 100.

Balsamu ya Kanada, mzee asiyestaafu

Waliokulia kijijini wanajua ulimbo, utomvu wa mti uliochemshwa ukapakwa kijitini kunasa ndege. Watu wa pwani wanajua sandarusi iliyouzwa ng'ambo ikatengenezwe vanishi. Balsamu ni ya ukoo huohuo: utomvu wa mti wa baridi uitwao Abies balsamea, unaoyeyushwa kwa zailini. Ilianza kutumika kwenye slaidi karne ya 19, na zipo slaidi za zaidi ya miaka 100 zilizofunikwa nayo ambazo bado zinasomeka.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Slaidi inasomeka, ndiyo, lakini rangi zake si zote zilizofika salama. Balsamu huwa njano kadiri inavyozeeka, na asidi yake hula rangi za besi: methilini ya buluu, Giemsa na jamaa zake. Kukauka kwake ni wiki, wakati mwingine miezi. Ukiitumia kwa slaidi za hadubini ya floresensi, ambako rangi yenyewe ndiyo hung'aa, balsamu nayo inang'aa na kukuvurugia picha. Tena ni ghali kuliko DPX. Kwa vipande vya kawaida vya tishu, sioni kwa nini mtu anunue chupa mpya leo.

Ila usiitupe uliyo nayo. Kuna kazi ambayo DPX inashindwa na mzee huyu: vitu vizima na vinene. Mnyoo wa kichocho, ambao Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria ina sifa mbaya nao, au mbu mzima aliyetandazwa mabawa, anahitaji tabaka nene la gundi, na DPX ikiwa nene hunywea, hupinda, na kuacha mapango ya hewa. Balsamu hujaza polepole na kutulia. Wataalamu wa mbu na wa minyoo hawaing'ang'anii kwa ukaidi tu.

Jeli ya gliserini, na ini la ng'ombe wa Nakuru

Dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye anafanya kazi na daktari wa mifugo upande wa Nakuru, alinipigia simu jioni moja.

"Kaka, nimepaka Oil Red O, ile rangi ya mafuta, mara mbili. Ini la ng'ombe aliyezaa juzi, la njano kabisa, linateleza mkononi. Lakini nikitazama, hakuna hata tone la mafuta. Matundu matupu."

"Umefunika kwa nini?"

"Si DPX? Ile ya kila siku."

"Na kabla ya DPX?"

Kimya. Kisha nikamsikia akicheka mwenyewe. "Alkoholi na zailini. Nimeyaosha."

Kisa hicho kina somo lote la makala haya. Ini lile lile, ng'ombe yule yule, linahitaji gundi mbili tofauti. Kipande kilichopitia nta ya kushikilia tishu ikatwe, kisha kupakwa hematoksilini na eosini kinafunikwa kwa DPX. Mafuta yake yalishayeyuka zamani ndani ya zailini, nayo matundu safi ya mviringo ndiyo alama yake. Lakini ukitaka kuyathibitisha kuwa ni mafuta, unakata kipande kilichogandishwa, hukipeleki kwenye nta, unapaka Oil Red O au moja ya rangi za Sudan, na unafunika kwa kitu chenye asili ya maji. Rangi hizo hazijashikana na tishu kwa kifungo chochote. Zimejiyeyusha tu ndani ya mafuta. Alkoholi na zailini zikipita, mafuta yanaondoka na rangi yake mgongoni.

Mafuta hayako peke yake katika hofu hiyo. Kristali violeti inayotumika kuonyesha amiloidi, protini mbovu inayojikusanya kwenye tishu, hugeuka rangi yake maalumu kwenye maji na huipoteza kwenye alkoholi. Kwa upakaji rangi wa kingamwili, angalia kromojeni, yaani kemikali inayotoa rangi pale kingamwili ilipojishika: DAB, ile ya kahawia, haitikisiki, ipeleke kwenye DPX bila wasiwasi; AEC, ile nyekundu, huyeyuka kwenye alkoholi, kwa hiyo ni jeli au gundi nyingine ya maji. Nimeona watu wakikaa siku nzima na kingamwili ya bei, kisha dakika tano za mwisho wakaiosha yote kwenye alkoholi.

Jeli yenyewe ni jelatini, gliserini, maji na fenoli au thaimoli kidogo ya kuzuia kuvu. Kaiser aliieleza mwaka 1880 na haijabadilika sana tangu hapo. Unaweza kuipika mwenyewe. Kuitumia ndiko kunakohitaji adabu. Ipashe kwenye maji ya moto hadi iyeyuke, bila kuitikisa wala kuikoroga kwa nguvu, maana kila kiputo utakachokitia humo utakikuta chini ya lenzi. Chota kutoka katikati ya chupa, dondosha kwenye slaidi iliyo vuguvugu, shusha kavasilipu taratibu kwa pembe, acha ipoe. Siku inayofuata zungushia kingo rangi ya kucha, kyuteksi ya kawaida isiyo na rangi, mara mbili. Bila hiyo maji yatatoka na slaidi itakauka kutoka pembeni.

Hapa sasa Kisumu inaionea jeli. Slaidi iliyoachwa karibu na dirisha la magharibi hulegea alasiri, kavasilipu inasogea, na ukiiweka wima kwenye sanduku utaikuta imeteleza. Nakuru hukaa vizuri zaidi. Kokote ulipo, piga picha wiki ileile. Slaidi ya jeli si ya kumwachia mjukuu, na hata ukali wake kwenye lenzi ya 40 hauwezi kushindana na DPX, kwa sababu ya ile 1.47.

Kama ukali ndio unaokusumbua, ipo sharubati ya Apáthy: gundi ya mgunga, ile inayokusanywa kwenye maeneo makavu kama Turkana, iliyoyeyushwa na sukari kwa maji. Inafika 1.52 na hukauka ikawa ngumu bila kyuteksi. Naipenda, lakini siku za mvua hunata vidole na siku za jua sukari yake huweza kugeuka fuwele. Ijaribu kwa slaidi mbili kabla hujaiamini.

Kwa mwenye slaidi mkononi na asiye na muda:

| Ulichonacho | Funika kwa | Angalia |
|---|---|---|
| Hematoksilini na eosini, rangi za PAS na Ziehl-Neelsen, DAB | DPX | maji kwenye alkoholi, zailini kukauka mapema |
| Oil Red O, Sudan, kristali violeti, AEC | jeli ya gliserini | viputo, joto, kyuteksi pembeni |
| Mnyoo au mdudu mzima | balsamu | wiki za kukauka |

Mashine za kufunika slaidi kwa utepe wa plastiki sizitii kwenye ulinganisho huu. Zina kasi ajabu, ila utepe hukwaruzika, na maabara nyingi za kaunti hazina mzigo wa slaidi unaolipia mashine hiyo.

Kavasilipu nayo ina neno

Niliwahi kuilaumu hadubini wiki nzima. Kwenye lenzi ya 10 picha safi, kwenye ya 40 imevaa ukungu. Nikaifuta lenzi, nikaifuta tena. Kumbe nilikuwa nafunika kwa kavasilipu mbili zilizoshikana. Unyevu wa hapa huzibandika kama kurasa za kitabu kilicholoa. Lenzi za hadubini zetu zimetengenezwa kwa kioo cha milimita 0.17, na gundi iliyo chini yake inahesabiwa pamoja na unene huo. Kavasilipu mbili, au moja juu ya kidimbwi cha DPX, na lenzi ya 40 haipati tena pale inapotakiwa kukutanishia mwanga. Nunua namba 1 au 1.5, usichukue namba 2 kwa sababu tu haivunjiki haraka, na uzihifadhi kwenye kopo lenye vidonge vya kufyonza unyevu. Kabla ya kudondosha gundi, ipitishe kila moja kati ya vidole viwili vilivyovaa glavu. Utaisikia kama ni mbili.

Na jina la mgonjwa, au namba yake, liandikwe kwa penseli kwenye ule upande uliokwaruzwa wa slaidi. Wino wa kalamu huingia kwenye zailini na haurudi.

Ukishakosea

Hili nalo liingie kwenye uamuzi wako: ni gundi gani unaweza kuifungua? Jeli hufunguka kwa maji ya vuguvugu baada ya kyuteksi kukwanguliwa, na kipande hutoka kizima kama ulikuwa mpole. DPX ya jana hufunguka kwenye zailini kwa saa chache. DPX ya miaka mingi ni siku mbili, tatu. Balsamu ya zamani inaweza kukaa mtungini zaidi ya wiki. Kitu ambacho sitaki kukiona ni kijana ameshika koleo anaivuta kavasilipu kwa sababu daktari anangoja; kavasilipu ikitoka kwa nguvu huondoka na nusu ya tishu, na kwa biopsi ya sindano nusu hiyo pengine ndiyo ilikuwa na jibu.

Mtungini mwangu leo kuna slaidi moja ya hivyo, ina siku tatu. Asubuhi nimeiinamisha kidogo, kavasilipu haijasogea. Nimeirudisha, nimefunika kifuniko, na yule kijana wa atachimenti nimempa kazi ya kuitazama kesho bila kuigusa.